Kilomita za Baiskeli Yako Zinatoka Wapi?

Tuseme waendesha baiskeli wawili wametoka katikati ya Dar es Salaam alfajiri, wakaongozana hadi Bagamoyo. Wanaposhuka kunywa chai, kompyuta ya mmoja inaonyesha kilomita 62.7, ya mwenzake 64.9. Barabara ni ile ile, na wamefika pamoja. Kilomita mbili na ushee zimepotelea wapi?

Hazikupotelea njiani. Zimo ndani ya namba moja iliyoingizwa siku kifaa kilipofungwa, na mara nyingi aliyeiingiza hakupima chochote. Alikisia, au aliacha ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kompyuta ya kawaida ya baiskeli haipimi umbali, inahesabu mizunguko. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku, na kihisi kwenye uma wa mbele. Kila sumaku inapopita, kihisi kinapokea pigo moja. Kifaa kinazidisha idadi ya mapigo kwa mzingo wa gurudumu ulioutaja wewe mwenyewe. Mwendo kinaupata kwa kuangalia muda kati ya pigo na pigo. Kuhesabu si kazi ngumu kwake, na saa yake ya ndani ni sahihi kuliko tunavyohitaji. Kinachobaki ni mzingo. Ukiukosea kwa asilimia 1, umbali na mwendo vitakosewa kwa asilimia hiyo hiyo kila siku, na hutaona dalili yoyote.

Mwendeshaji wetu wa kwanza ana tairi la 700×38, ambalo majedwali ya watengenezaji hulipa mzingo wa milimita 2180. Kifaa chake kimebaki kwenye 2105, namba ya tairi jembamba la 700×25. Upungufu wake ni karibu asilimia 3.4, na kilomita zake mbili ziko hapo.

Jedwali hilo ni mwanzo mzuri, lakini mimi silitegemei peke yake. Matairi mawili yenye namba moja ubavuni huweza kutofautiana unene. Tairi likiisha meno, mzingo hupungua. Upepo ukipungua, tairi hubonyea chini ya uzito wako, na gurudumu linaenda umbali mfupi kidogo kwa kila mzunguko. Hivyo pima gurudumu lako mwenyewe, ukiwa umelipanda.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Tafuta sehemu tambarare, iliyonyooka, yenye lami au saruji, na uombe tepu ya mita 30 kwa fundi ujenzi. Paka tone la rangi kwenye tairi la mbele, au la nyuma ikiwa kihisi kiko nyuma. Panda, uende taratibu bila kuyumba. Tone litagonga muhuri chini kila gurudumu linapozunguka. Pima kutoka alama ya kwanza hadi ya kumi na moja, kisha gawa kwa kumi. Kwa nini kumi? Ukikosea sentimita moja katika mzunguko mmoja, umekosea karibu asilimia 0.5. Ukikosea sentimita hiyo hiyo katika mizunguko kumi, kosa linashuka hadi asilimia 0.05. Usipange kulisukuma gurudumu kwa mkono ukiwa umeshuka, maana bila uzito wako utapata namba kubwa kuliko ya kweli.

Anayedhani huu ni ushamba wa kupoteza muda aangalie mbio za marathoni. Zile kilomita 42.195 zinazowapatia wanariadha wa Kenya na Ethiopia rekodi zao hupimwa kwa gurudumu la baiskeli. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Jones alitengeneza kihesabio kidogo kinachofungwa kwenye gurudumu la mbele, na kinatumika hadi leo. Mpimaji huanza kwa kupita mara kadhaa kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma, ili ajue kilomita moja ni hesabu ngapi kwa tairi lake siku hiyo. Akishapima njia nzima ya mbio, hurudi kwenye kipande kile kurudia zoezi, kwa sababu jua limepanda, hewa ndani ya tairi imepata joto, na gurudumu la saa sita mchana si lile la saa kumi na mbili asubuhi. Halafu huongeza mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikawa fupi. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya saa mbili na sekunde 35 mjini Chicago, Oktoba 2023, urefu wa njia ile ulisimama juu ya utaratibu huu.

Vifaa vya GPS havihitaji mzingo, na wengi huviamini kwa sababu hiyo. Kwenye barabara iliyonyooka chini ya anga wazi, vinafanya kazi vizuri kabisa. Udhaifu wake uko kwenye kona. Kifaa hurekodi nukta, kwa kawaida moja kila sekunde, kisha huziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Ukienda kilomita 30 kwa saa, nukta zinaachana zaidi ya mita 8, na kona kali inakatwa. Chini ya miti mizito au kati ya maghorofa, nukta huhama mita kadhaa kutoka ulipo. Milima haina madhara makubwa: hata kifaa kikipuuza mwinuko wa asilimia 10, kinapoteza mita 5 tu kwa kila kilomita. Kwa njia za msituni zenye kona nyingi, mimi nitachagua sumaku na spoku.

Mwendo unaoruka ghafla hadi nusu, au unaozimika, hutokana na sumaku kuwa mbali na kihisi. Isogeze, ibaki nafasi ya milimita chache. Na kabla ya kubishana kuhusu wastani, uliza kama kifaa kinasimamisha saa unapopumzika. Kilomita 40 kwa saa mbili za kukanyaga pedeli ni wastani wa 20. Ukijumlisha nusu saa ya chai, ni 16. Namba zote mbili ni za kweli.

Ukikosa tepu, tumia vibao vya kilomita vya barabara kuu. Kibao kimoja kinaweza kuwa kimesogezwa, kwa hiyo chukua umbali wa vibao kumi. Zidisha namba iliyomo kwenye kifaa kwa umbali wa kweli, kisha gawa kwa umbali kilioonyesha. Kifaa chenye 2105 kikisoma 9.66 mahali pa kilomita 10, namba yake mpya ni 2179.

Iandike namba hiyo pamoja na tarehe kwenye plasta, uibandike chini ya siti. Fundi akibadilisha tairi, ibandue na upime upya.