Haidrojeni katika mitambo ya gesi: Tusipunjwe vipimo

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, makampuni makubwa ya umeme duniani yanatuahidi kuwa mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia itakuja kuendeshwa kwa haidrojeni. Ni habari ya kufurahisha, kwani haidrojeni ikiungua haitoi hewa ukaa inayoipasha dunia joto, bali hutoa mvuke wa maji. Hata hivyo, mimi mwalimu wa somo la dini habari hii inanikumbusha Surat al-Mutaffifin, sura ya 83, inayowakemea wanaopunja vipimo. Wengi wetu hudhani inamhusu muuza unga na kibaba chake tu. Ukweli ni kwamba hata asilimia zinaweza kupunja.

Tuanze na mtambo wenyewe. Hewa hushindiliwa, huchanganywa na gesi na kuwashwa, kisha gesi moto huzungusha mapanga ya tabaini, nayo huzungusha jenereta. Hivyo ndivyo gesi ya Songosongo ilivyoanza kutupatia umeme pale Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004.

Sasa tutazame vipimo vitatu.

Kwanza, ni asilimia ya nini? Mwaka 2022 kituo cha McDonough-Atkinson, karibu na Atlanta nchini Marekani, kilijaribu kuchoma gesi asilia iliyochanganywa na asilimia 20 ya haidrojeni. Mtu atasema hewa ukaa ilipungua kwa asilimia 20. La hasha! Ilipungua kwa takriban asilimia 7. Waliojaribu walizitaja namba zote mbili, na huo ndio uadilifu. Tatizo ni pale inapotajwa ile kubwa peke yake.

Sababu ni kwamba ile 20 ni ya ujazo. Haidrojeni ni nyepesi mno, na ujazo wake una kiasi cha theluthi moja tu ya nishati iliyomo katika ujazo uleule wa gesi asilia. Ni kama kupima usufi na mchele kwa debe: madebe yote mawili yamejaa, lakini mizani haidanganyiki. Hata ukichanganya nusu kwa nusu, hewa ukaa haipungui kwa robo nzima.

Pili, imetoka wapi? Haidrojeni inayotumika duniani karibu yote hutengenezwa viwandani, na sehemu kubwa hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kutengeneza kilo 1 kwa gesi asilia na mvuke huzalisha kilo 9 au zaidi za hewa ukaa. Isipodakwa na kuhifadhiwa, basi bomba la mtambo limekuwa safi, lakini uchafu umehamishiwa uani kwa jirani.

Tatu, imegharimu umeme kiasi gani? Ipo njia safi ya kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua, upepo au mito. Lakini kilo 1 hutaka uniti 50 hivi za umeme, na ukiichoma katika mtambo bora kabisa utapata uniti 20 hivi. Zaidi ya nusu imepotea njiani.

Je, basi haidrojeni haina faida? Hapana. Tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf (A.S.): nafaka iliwekwa akiba katika miaka ya neema ili ifae katika miaka ya njaa. Huko Delta, jimbo la Utah, Marekani, yametengenezwa mapango ndani ya mwamba wa chumvi ili kuhifadhi haidrojeni itakayotokana na umeme wa ziada. Hapo ndipo mahali pake, kuwa ghala la ziada. Kuchukua umeme ambao vijiji visivyo na taa vinauhitaji leo, kisha kupoteza zaidi ya nusu yake, ni israfu hata kama kunaitwa maendeleo.

Kwa hiyo basi, Waislamu tusizikatae elimu hizi, bali tuzisome. Siku wataalamu watakapotuletea mradi wa aina hii, tuwaulize maswali hayo matatu kwa adabu, na tudai majibu kwa namba kamili. Asiyejua kipimo hupunjwa huku akishukuru.

Wallahu a'alam.