Dondoo muhimu: Kubaki na pikipiki ya zamani au kununua mpya?

Umri wa pikipiki si hoja kubwa. Hali ya injini na fremu ndiyo huamua. Cheni, matairi na breki huchakaa hata kwenye pikipiki mpya, hivyo si sababu ya kuiuza. Moshi wa bluu kwenye bomba huonyesha injini inaunguza oili, mara nyingi kwa ringi zilizolika, kazi ambayo fundi mzuri huimaliza. Fremu iliyopinda au kupasuka kwa ajali ni habari nyingine: bora kuachana nayo, hata ikichomelewa. Kwa bodaboda, gharama zijumuishe pia siku ambazo pikipiki hulala gereji huku tajiri, yaani mwenye pikipiki, akisubiri hesabu yake. Anayenunua iliyotumika alinganishe namba ya chesesi na kadi kabla ya kulipa.