Bwate haifi ghafla: kutunza giaboksi ya gari la kazi kati ya Ngomo na Fizi

Gari la mizigo linalolala Uvira lina safari mbili kubwa ndani ya nchi, na zote mbili zinakula gia. Kaskazini, barabara ya taifa namba 5 inakata tambarare ya Ruzizi kupitia Sange na Luvungi, na baada ya Kamanyola inaanza kupanda mlima wa Ngomo kuelekea Bukavu. Uvira iko kwenye usawa wa ziwa, kama mita 770 juu ya bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Kusini, barabara hiyohiyo inafuata ufuo kupitia Makobola, Mboko na Baraka hadi Fizi, na kila baada ya mwendo mfupi inakutana na mto unaoshuka kutoka milimani.

Mlima na maji ndivyo vinavyoiua giaboksi, ambayo mafundi wetu wanaiita bwate, mapema kuliko umri wake. Lakini haifi ghafla. Hunguruma, hukwaruza, hurusha gia kwa wiki au miezi kabla ya kukuacha njiani na magunia ya mchele. Anayeisikia mapema hununua mafuta. Anayepuuza hununua bwate nzima.

Fungua kizibo cha pembeni

Kazi ya kwanza haihitaji fundi. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini na uache mafuta yatulie. Kwenye ubavu wa giaboksi kuna kizibo cha kujazia. Cha chini ni cha kumwagia. Safisha udongo kukizunguka kile cha pembeni kabla ya kukifungua, maana mchanga ukiingia ndani unageuka kuwa msasa. Ingiza kidole: mafuta yafike kwenye ukingo wa tundu au chini yake kidogo tu. Kidole kikikosa mafuta, kuna mahali yanavuja. Angalia sili ya nyuma, pale propela shafti inapoingilia, na sehemu ya chini ya nyumba ya klachi.

Kwenye Land Cruiser au Hilux ya 4x4, usiishie hapo. Transfa ina mafuta yake, difu ya mbele yake na ya nyuma yake. Zikague zote siku hiyohiyo.

Siku ya kubadilisha mafuta, fungua cha kujazia kwanza, ndipo ufungue cha kumwagia. Wapo waliomwaga mafuta yote, kisha wakakuta kizibo cha juu kimeshika kutu hakitoki, na gari likalala garajini bila tone ndani. Mwaga yakiwa ya uvuguvugu, baada ya mwendo mfupi, ili uchafu utoke nayo.

Mafuta yaliyoandikwa kwenye kitabu

Kosa la kawaida ni kuweka popote mafuta yoyote mazito yaliyopo dukani. Soma kopo. GL-5 yametengenezwa kwa ajili ya difu, ambako meno yanasuguana kwa mgandamizo mkubwa. Katika giaboksi nyingi za mkono, pete za sinkronaiza ni za shaba, nazo zinataka GL-4: baadhi ya dawa zilizomo kwenye GL-5 zinaweza kuila shaba, na utelezi wake unaifanya pete ishindwe kushika inapotakiwa kusawazisha mwendo wa gia. Fuata kitabu cha gari lako. Kama kinaruhusu aina zote mbili, sawa. Unene unaotajwa mara nyingi ni 75W-90.

Nunua kopo lenye lakiri yake. Mafuta yanayopimwa kutoka kwenye pipa lililo wazi yanaweza kuwa chochote, hata yale yaliyotoka kwenye injini ya mtu mwingine.

Kwa muda wa kubadilisha, vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya lami. Kama chako kinasema kilomita 40,000, kwa gari linalopanda Ngomo na mzigo au kuvuka mito ya Fizi hesabu 20,000. Giaboksi ya pikapu haimezi mafuta mengi, ni lita chache tu. Weka gharama hiyo kando ya bei ya bwate.

Mto unaingiaje ndani

Giaboksi, transfa na ekseli zina vipumulio, vitundu vidogo vya kutolea hewa inayotanuka kwa joto. Gari likitoka mwendo mrefu na ekseli ya moto, kisha likazama kwenye maji baridi ya mlimani, hewa iliyo ndani husinyaa mara moja. Kipumulio kikiwa kimezibwa na vumbi la tambarare, au kikiwa chini ya maji, hewa hiyo huvuta maji kupitia kwenye sili au kipumulio chenyewe. Ndiyo sababu gari linaweza kuvuka mto bila taabu na bado likatoka na maji kwenye difu.

Kwa hiyo:

1. Safisha vipumulio kila unapobadilisha mafuta. Kwenye gari la njia ya Fizi, unganisha mpira kwenye kila kipumulio na uupandishe hadi juu kwenye chumba cha injini.

2. Ukifika mtoni, simama kwanza. Teremka, ona kina, acha ekseli zipoe kidogo. Ingiza 4x4, na gia nzito kama ipo, ukiwa bado ukingoni.

3. Ndani ya maji usikanyage klachi wala kubadilisha gia. Klachi ikiachia ndani ya mto, maji na mchanga hupata njia ya kuingia kati ya sahani na flaiwili.

4. Kama maji yalifika kwenye ekseli, pima kesho yake asubuhi. Maji ni mazito kuliko mafuta. Gari likilala, yanashuka chini. Kabla ya kuwasha injini, legeza kizibo cha chini kidogo tu mpaka tone litoke. Likiwa maji, au mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote uweke mapya. Usisubiri safari ijayo, kwani beringi zinaanza kushika kutu.

Wakazi wa mitaa ya ufukweni wana shida yao. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia barabarani, magari mengi yalikuwa yakipita majini kila siku. Maji ya magotini hayatishi kama mto Mulongwe ulipofurika mwezi Aprili 2020, lakini ekseli haiulizi maji yametoka wapi. Gari la namna hiyo likaguliwe kila wiki.

Ngomo: mzigo, mguu na mkono

Pikapu nyingi za kazi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, dereva na abiria wakiwemo. Magunia 10 ya kilo 100 yameshaimaliza, kabla ya madumu ya mawese na watu waliokaa juu yake. Uzito wa ziada unapita wote kwenye meno ya gia na sahani ya klachi.

Ukianza kupanda, teremsha gia mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka kwa kulemewa. Ukisimama kwenye mwinuko, shikilia gari kwa breki ya mkono, si kwa kucheza na klachi. Unaposhuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia. Anayeshuka kwa nyutro ili kubana mazuti anaziachia breki kazi yote, na breki zikichemka hazishiki.

Mguu wa kushoto ukae sakafuni. Ukipumzika juu ya pedali unakula beringi ya klachi. Mkono nao usilale kwenye wenzo wa gia, maana unazisukuma uma za ndani zisuguane bila sababu. Na ukivuka mpaka wa Kavimvira kuingia lami ya Gatumba, toa 4x4. Kwenye kona za lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka mwendo tofauti, na mvutano huo unaishia kwenye transfa. Ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache.

Kwa Noah na magari mengine ya otomatiki, tumia mafuta ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, na shuka mlima kwa L au 2. Mafuta yakinuka kuungua na kuwa kahawia, mwone fundi kabla ya safari nyingine. Likiharibika njiani, usilivute masafa marefu huku magurudumu yanayosukuma yako chini.

Soma sauti

Ngurumo katika nyutro, inayonyamaza ukikanyaga klachi: beringi ya shafti ya kuingilia. Ngurumo inayoanza ukikanyaga klachi: beringi ya klachi yenyewe.

Kukwaruza kwenye gia zote: klachi haiachii vizuri, angalia kwanza mafuta yake ya haidroliki au kebo. Kukwaruza kwenye gia moja: sinkronaiza ya gia hiyo.

Gia kuruka yenyewe ukiachia mafuta: uma au meno yamelika. Lakini kagua kwanza mpira unaoshikilia giaboksi kwenye chesisi. Ukikatika huleta dalili hiyohiyo.

Injini kupiga kelele bila gari kuongeza mwendo: klachi inateleza. Vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Klachi ikiwa nzima, injini inapaswa kuzimika. Isipozimika, sahani imekwisha. Jaribu mara moja tu.

Siku ya kumwaga mafuta, tazama sumaku ya kizibo. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu ndani ya mafuta ni sinkronaiza zinazolika. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno: giaboksi ifunguliwe kabla haijavunja na zilizobaki.

Daftari ndani ya gari

Mara nyingi mwenye gari si dereva, na fundi wa leo si wa mwaka jana. Weka daftari kwenye dashibodi: tarehe, kilomita, aina ya mafuta, kilichoonekana kwenye sumaku, mito iliyovukwa. Dereva aandike sauti anayoisikia siku anapoisikia, na mwenye gari asome kabla ya kudai malipo ya siku. Ukurasa ukionyesha maji kwenye difu au vipande kwenye sumaku, safari ya Ngomo iahirishwe. Hasara ya siku moja garajini ni ndogo kuliko kuvutwa kutoka mlimani na mzigo wa watu juu.