SOMO LA 14: TUME YA JAJI KIPENKA

Ndugu msomaji, Tunduma ni mji wa mpakani. Wafanyabiashara hupita hapo mchana na usiku, na wengine hubeba fedha nyingi. Mmoja wao akiuawa kwa risasi, nawe ukaambiwa kuwa alikuwa jambazi, utajuaje ukweli? Soma habari hii.

Mwezi wa Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Mkoa wa Morogoro, walikuwa Dar es Salaam. Waliuawa kwa risasi pamoja na dereva wa teksi. Polisi walisema kwamba wanne hao ni majambazi, na kwamba walikufa wakipigana na askari. Ndugu zao walikataa maneno hayo.

Rais Jakaya Kikwete akaunda tume. Kiongozi wake alikuwa Jaji Kipenka. Tume ilichunguza, ikaona kwamba marehemu hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na mapigano ya bunduki.

Je, tume iliwafunga wauaji? Hapana. Tume hutafuta ukweli. Mahakama ndiyo huhukumu. Maofisa wa polisi walishtakiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Serikali ilikata rufani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja, ikamhukumu adhabu ya kifo. Wenzake watatu waliachiwa. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Angalia sasa, msomaji. Wafu hawakuweza kujitetea. Walitetewa na ushahidi. Basi mtu akiuawa kwa risasi kijijini kwako, iwe Momba, Mbozi au Ileje, fanya hivi:

1. Usiguse maiti, bunduki wala ganda la risasi.
2. Wazuie watu wasikanyage mahali hapo.
3. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji na polisi upesi.
4. Ukiulizwa, sema uliyoyaona kwa macho yako. Usiongeze ya kusikia.
5. Ukiandikiwa maelezo, yasome kwanza, ndipo utie sahihi. Kisomo kitakusaidia hapa.

Njia ya mwongo ni fupi.

MANENO
Tume: watu waliochaguliwa kuchunguza jambo.
Rufani: kuomba mahakama ya juu iangalie hukumu tena.
Ganda la risasi: kipande cha chuma kinachobaki risasi ikishapigwa.

MASWALI
1. Polisi walisema nini? Tume iliona nini?
2. Kazi ya tume na kazi ya mahakama zinatofautianaje?
3. Kwa nini tusiguse ganda la risasi? Jadilianeni darasani.