Skripti yangu inagandisha mchezo

*Nimeandika skripti ya CLEO ya GTA: San Andreas: nikibonyeza kitufe, gari litokee. Mchezo unaganda papo hapo. Je, kompyuta yangu ni dhaifu?*

Hapana, usiihofie kompyuta. Kitanzi cha skripti yako kinazunguka bila kuuachia mchezo nafasi ya kuchora fremu inayofuata. Weka `wait 0` mwanzoni mwa kitanzi, kabla ya sharti lolote. Skripti itapumzika hadi fremu ijayo. Namba hiyo ni milisekunde. Usiweke 1000 hapo, kwani mibonyezo mingi itapotea. Lakini gari likishatokea, ongeza `wait 500`, la sivyo utajaza barabara magari kwa mbonyezo mmoja. Ukiomba modeli ya gari, subiri pia ipakiwe.

Mchezo bado unaganda? Ondoa skripti nyingine zote, ujaribu hii peke yake. Ikishindikana, mwonyeshe mzoefu msimbo mzima.