Kuruta Anapoandika Kiingereza

Kijana aliyepita kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hahitaji kamusi kulielewa neno "recruit". Ameshaitwa kuruta alfajiri, mchana na usiku, na kuruta ni "recruit" hiyohiyo iliyovaa irabu za Kiswahili. Taabu huanza anapolirudisha kwenye Kiingereza, hasa katika wasifu wa kuombea kazi.

Kosa linaloumiza zaidi ni hili: "I recruited in the army." Msomaji ataelewa kwamba ulikuwa ukiandikisha wenzako jeshini. Kama kitenzi, "recruit" ni kazi ya anayechukua watu, si ya anayechukuliwa. Wewe uliyepeleka vyeti na kupimwa afya uli-"enlist", au uli-"join". Ukiling'ang'ania neno lenyewe, andika "I was recruited". Ukisita, itunge sentensi kwa Kiswahili kwanza: "niliandikisha" ni "recruited", "niliandikishwa" ni "was recruited". Ile -w- ndogo itakuamulia.

Halafu kuna kadeti. Anayeandaliwa kuwa afisa, awe katika chuo cha kijeshi cha Monduli, Tanzania, au cha Lanet, Kenya, ni "officer cadet", na mwisho wa kozi hupewa kamisheni. Kuruta wa chuo cha makuruta cha Eldoret, Kenya, akihitimu anakuwa askari. Usiwachanganye, maana anayesoma wasifu wako huenda mwenyewe alipitia mojawapo ya njia hizo, na watu wa jeshi hawasahau nani alipitia wapi.

Ndugu mlio Marekani, fuateni msamiati wa kikosi husika. Kikosi cha Marine Corps humwita mwanafunzi "recruit" na humnyima jina la "Marine" mpaka afaulu. Hata "I" hana ruhusa ya kuitamka. Husema "this recruit", kama anayemzungumzia mtu mwingine. Jeshi la nchi kavu, Army, hupendelea "trainee".

Mafunzo ya awali yakiisha, "recruit" nayo iachwe. Aliyeajiriwa jeshini aandike cheo chake. Aliyemaliza JKT akarudi nyumbani asijipachike "Private", kwa kuwa hakuajiriwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ); "completed National Service training" inatosha, pamoja na jina la kikosi na mwaka.