PETE YA UCHUMBA: TUJUE TUNACHONUNUA

Somo kwa vijana wanaokusudia ndoa, pamoja na wazazi na wasimamizi wao



Msimu wa korosho ukifika, na posa nazo huongezeka. Fedha za mnada zikianza kuingia, vijana wetu wa Mtwara, Mikindani na vijiji vya kando ya mto Ruvuma huanza kutuma washenga. Siku hizi, juu ya barua ya posa na mahari, wengi huulizana pia habari ya pete ya uchumba, tena pete yenye almasi. Pete si jambo baya. Lakini wapo wanaoahirisha ndoa kwa sababu yake, na wapo wanaouza korosho zikiwa bado mtini ili waipate. Kwa hiyo yafaa tujifunze pamoja: pete hii ni kitu gani, inapimwaje, na inunuliwe vipi.

1. DESTURI HII IMETOKA WAPI?

Kwanza tutenganishe pete mbili. Pete inayowekwa juu ya kitabu mbele ya padre ni pete ya ndoa, nayo haidaiwi kuwa na jiwe. Pete ya uchumba haimo katika ibada yetu ya ndoa. Kanisa linataka wachumba watangazwe Jumapili tatu, na serikali inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Hakuna anayeuliza almasi.

Zawadi kwa mchumba ni jambo la kale. Katika Mwanzo sura ya 24 mtumishi wa Ibrahimu alimpa Rebeka pete na bangili za dhahabu, na mwandishi ametuandikia hata uzito wa kila kimoja. Angalieni jambo hilo: zawadi ilitolewa kwa moyo, lakini ilipimwa.

Almasi ilikuja baadaye. Mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa mchumba wake, Mary wa Burgundy, pete ya almasi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wafalme. Watu wa kawaida walifikiwa na desturi hii zaidi baada ya mwaka 1938, wakati kampuni ya De Beers ilipoajiri watangazaji wa Marekani kuwafundisha watu kwamba uchumba bila almasi haujakamilika. Hata ile kanuni kwamba mwanamume atumie mshahara wa miezi miwili ilitoka kwa watangazaji hao hao. Mtu asiyejua huidhania kuwa ni mila.

2. KARATI MBILI ZENYE JINA MOJA

Hapa ndipo wengi hukosea. Muuzaji akisema "karati", muulize: karati ya jiwe au ya dhahabu?

Karati ya jiwe ni uzito. Karati moja ni gramu 0.2, yaani karati tano ni gramu moja. Tuchukue mfano wa kwetu Tanzania. Mwaka 1940 Dkt. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 lilipatikana pale jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyeolewa mwaka ule. Piga hesabu: 54.5 mara 0.2 ni gramu 10.9. Lilipokwisha kukatwa na kusuguliwa zilibaki karati 23.6, yaani gramu 4.72 tu. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka katika ukataji. Kumbe jiwe ghafi ni jambo moja, na jiwe la pete ni jambo jingine.

Karati ya dhahabu si uzito, bali ni usafi. Dhahabu tupu ni karati 24. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24, zilizobaki ni madini mengine. Tazama ndani ya pete, utaona mhuri: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Ya karati 9 haina hata nusu ya dhahabu. Si udanganyifu, ila bei yake isiwe ya karati 18.

3. MAMBO MANNE YA JIWE

Bei ya almasi hutegemea mambo manne:

(a) Uzito. Bei haipandi kwa usawa. Jiwe moja la karati moja hugharimu zaidi ya mawe mawili ya nusu karati yenye ubora ule ule, kwa sababu mawe makubwa ni adimu. Lakini jicho halioni tofauti hiyo yote. Almasi ya mviringo ya nusu karati ina upana wa milimita 5 hivi, na ya karati moja milimita 6.5 hivi.

(b) Rangi. Almasi nyeupe hupangwa kwa herufi, kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano.

(c) Usafi. Mtaalamu hutazama dosari za ndani kwa kioo kinachokuza mara kumi. Dosari isiyoonekana kwa macho matupu haimdhuru mvaaji, bali hupunguza bei. Hapo mnunuzi mwenye akili hupata nafuu.

(d) Ukataji. Huu ndio unaolifanya jiwe limetemete. Jiwe lililokatwa vibaya hufifia hata likiwa kubwa. Taa za dukani ni kali na hulipamba kila jiwe. Omba ruhusa ulitazame dirishani, kwa mwanga wa mchana.

Jiwe la bei kubwa liwe na hati ya maabara ya vito, kama ile ya GIA ya Marekani. Mara nyingi namba ya hati huchorwa ukingoni mwa jiwe, nayo huonekana kwa kioo cha kukuzia. Linganisha namba hizo mbili kabla ya kulipa.

4. MAWE YANAYOFANANA NA ALMASI

Liko jiwe liitwalo zirkonia, linalotengenezwa kiwandani kwa bei ndogo sana. Liko lingine liitwalo moisanaiti, ambalo huweza kudanganya hata kile chombo cha kupimia joto wanachotumia masonara wengi. Hayo si almasi. Iko pia almasi ya maabara. Hii ni almasi kweli kweli, ila imekuzwa na binadamu. Macho hayawezi kuitenga na ya ardhini, na bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Kuinunua si aibu. Kosa ni kuilipia bei ya almasi iliyochimbwa.

Msijaribu mbinu za vijiweni. Kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu, maana hata jiwe la kwatzi hukwaruza kioo. Na kupiga kwa nyundo ni hasara tupu: almasi ni ngumu kuliko kila jiwe kwa kukwaruzwa, lakini ikigongwa hupasuka.

Tena tuangalie jirani zetu. Tunduru kuna vito, na ng'ambo ya Ruvuma, huko Montepuez, kuna rubi. Kwa hiyo mtu akija na kijiwe kilichofungwa katika karatasi, akisema ni almasi ghafi aliyoipata machimboni, watu huamini upesi. Biashara ya madini ghafi inataka leseni ya Tume ya Madini. Usiponunua chupa iliyovunjika, utanunua kesi. Kataa kwa upole, uende zako.

5. MKONO UNAOFANYA KAZI

Mchumba wako si sanamu ya dirishani. Atakuna nazi, atapalilia mikorosho, atachambua dagaa, atafua. Pete yenye jiwe lililoinuliwa juu kwa vikucha vyembamba hunasa nguo, na kikucha kimoja kikikatika jiwe huanguka. Afadhali jiwe lililozungukwa na dhahabu pande zote, tena lililokaa chini.

Wengine hupenda tanzanaiti, jiwe letu la Mirerani. Ni zuri, lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo ambacho almasi ni 10, na kwatzi iliyomo katika mchanga ni 7. Mchanga wa Msimbati utalikwaruza. Safaya, yaani yakuti ya buluu, inayopatikana hata Tunduru, ina ugumu wa 9, nayo hustahimili zaidi.

Mafuta ya nazi hushika juu ya almasi na kuififisha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Na anayeingia baharini aivue kwanza, kwa maana kidole hunywea kwa baridi ya maji.

6. FEDHA NA AHADI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme kijana ana kilo 200 za korosho. Kabla ya mnada anakuja mnunuzi wa kangomba, anampa shilingi 1,200 kwa kilo, fedha mkononi. Anapata shilingi 240,000, ananunua pete. Baadaye mnada unalipa, tuseme, shilingi 2,500 baada ya makato. Angepata 500,000. Basi ile pete haikumgharimu 240,000. Imemgharimu 500,000, tena kwa biashara iliyokatazwa. Shilingi 260,000 zilizopotea ni mabati, ni kitanda, ni chakula cha mwaka wa kwanza wa ndoa. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Asikudanganye mtu kwamba almasi ndogo ni akiba. Ukirudi kuiuza utapewa sehemu ndogo tu ya bei uliyonunulia. Dhahabu ndiyo hupimwa kwenye mizani na kulipwa kwa bei ya siku.

Usilipe bila risiti. Iandikwe: gramu na karati za dhahabu, uzito wa jiwe, kama ni la ardhini au la maabara, na namba ya hati ikiwapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti hiyo ina kazi nyingine pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa, ikiwa ndoa haikufungwa. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba kutotimiza desturi za mahari au zawadi hakubatilishi ndoa. Basi pete isipokuwapo, ndoa ni ndoa.

Kwa hiyo nashauri hivi. Wachumba waketi pamoja, wamwite na mjomba au msimamizi, waandike fedha zote walizo nazo, kisha wakate kwanza nyumba, chakula na mahitaji ya ibada. Kilichobaki ndicho cha pete. Kikitosha almasi, wanunue kwa maarifa niliyoyaeleza. Kikitosha pete nyembamba ya dhahabu isiyo na jiwe, au ya fedha, waivae bila haya. Binti anayejua hesabu ya nyumba yake amepewa heshima kubwa kuliko anayefichwa bei ya pete yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Pete ina mhuri wa 375. Je, ni dhahabu ya karati ngapi?

2. Jiwe lina karati 0.25. Uzito wake ni gramu ngapi?

3. Katika familia yenu, je, yuko kijana aliyechelewesha ndoa kwa sababu ya pete au karamu? Mzazi, umemwambia nini?

4. Wachumba, je, kila mmoja anajua madeni ya mwenzake?